Mafuta ya Langilangi na Paji la Wening

Jumatatu, 3 Novemba

Nimefungua daftari jipya la msimu wa harusi. Mvua imeanza. Mtaro wa mbele umefurika na bata wa jirani wameingia jikoni kwangu bila hodi. Mwezi wa Rejeb, ambao watu wa hapa Klaten wanaupenda kwa ndoa, mwaka huu utaanza Desemba na kuishia Januari, na nimeshapata maharusi watano wa kupamba. Wa mwisho ni Wening, binti wa Mama Lasmi muuza tempe, vile vipande vya soya iliyochachushwa, ambaye harusi yake ni tarehe 18 Januari. Ni mwalimu wa chekechea. Anataka mtindo kamili wa mji wa Solo: vinywele vya paji vinyolewe kwa wembe, kisha paji lichorwe paes, michoro ya jadi ya bibi harusi, kwa rangi nyeusi ya nta, kwa mkono. Amekataa zile paes za plastiki za kubandika. Nimempenda kwa hilo tu.

Jumatano, 5 Novemba

Nimepika mafuta ya nywele kutwa nzima: tui la nazi, majani ya mkadi, maua ya langilangi, moto mdogo. Ndivyo alivyopika marehemu mama, aliyewapamba nusu ya wanawake wa wilaya hii. Bibi harusi hujipaka kila jioni, kuanzia ukingo wa nywele pajini kurudi kisogoni, ili nywele za mbele ziwe nzito. Wening nimempelekea chupa mbili.

Alhamisi, 6 Novemba

Mvua.

Ijumaa, 14 Novemba

Nimepita kwa Wening. Ana vipele vitatu pajini.

"Umekula nini wewe?" nikamuuliza.

"Wali, Bude."

Bude ni mama mkubwa. Wilaya nzima inaniita hivyo, hata walionizidi umri.

"Wali na nini?"

"Na tempe."

"Ya kukaanga?"

Akacheka. "Bude, nimezaliwa kwenye karai la tempe. Leo ndiyo inidhuru?"

Nimempiga marufuku tempe ya kukaanga hadi harusi. Mama yake amenitazama kama niliyemtukana.

Jumamosi, 15 Novemba

Bibi harusi wa Delanggu, mmoja wa wale watano, naye ana vipele. Mabinti wa siku hizi wanalala na simu usoni, halafu wanashangaa.

Jumamosi, 22 Novemba

Vipele vya Wening sasa ni kumi na viwili, nimevihesabu. Shuleni mtoto mmoja amemuuliza, "Mwalimu, nyuki walikufuata hadi nyumbani?" Alinisimulia huku akicheka, ila aligeuza uso kwanza.

Nimemsinga kwa singo ya unga wa mchele na manjano, nikasugua sawasawa. Alikunja vidole vya miguu lakini hakusema kitu. Nimemwongezea chupa ya mafuta ili angalau nywele ziwe nzuri.

Jumatatu, 24 Novemba

Mvua. Magoti yanauma.

Jumamosi, 29 Novemba

Singo ya tatu wiki hii. Paji limekuwa jekundu, na baadhi ya vipele vimeanza kutunga usaha. Mama Lasmi amekibinya kimoja kwa kucha na kimeacha kishimo. Nimemkaripia, yeye akanirudishia, "Mimi nimebinya kimoja. Wewe unalisugua paji zima kama sufuria!" Huyu mama ana mdomo.

"Bude, leo polepole," Wening alisema.

Nikamwambia mtaka cha mvunguni sharti ainame. Akainama. Nikasugua.

Jumanne, 2 Desemba

Leo Mama Kustiyah, mama wa bwana harusi, amekuja kwa kina Wening kumwona mkwewe, nami nikiwepo. Ni mjane, mnyoofu wa mgongo, mchache wa maneno. Alilitazama paji la Wening muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu. Halafu akanifuata jikoni.

"Marehemu mama yako alikuwa na msemo juu ya paji la bibi harusi," alisema.

Naujua. Mama alikuwa akisema kwamba paji halina siri: binti aliyekwisha guswa na mwanamume, paji lake litaharibika na rangi itakataa kushika. Hata mimi nimeusema mara nyingi kwenye mikusanyiko ya wanawake. Huwa wanacheka sana.

"Yale ni maneno ya kuchangamsha watu tu, dada," nikamwambia.

"Mama yako hakuwa akichangamsha mtu."

Akanawa mikono, akaaga.

Alhamisi, 4 Desemba

Maneno yamefika sokoni. Mama Lasmi anasema wateja wawili walinyamaza alipokaribia, na wa tatu akamuuliza kama harusi bado ipo. Pandu, bwana harusi mwenyewe, amemwambia mama yake kwamba yeye hajali. Mama yake amemjibu kwamba si yeye atakayenyooshewa vidole sokoni kila siku. Kwa hiyo sasa si suala la urembo tena. Paji lisipotulia kabla ya wembe, binti huyu ataingia katika nyumba ya mumewe na jina baya, na jina la namna hiyo halitoki.

Wening alikuja mwenyewe jioni, amelowa.

"Bude, sijaguswa na mtu."

"Sijasema umeguswa."

"Lakini msemo ni wa kwenu. Na hata ningekuwa nimeguswa, Bude, paji lingejuaje? Nani angeliambia?"

Nimewapamba maharusi kwa miaka thelathini na minne na hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Niliona aibu, nikamtengenezea chai ya tangawizi.

Jumamosi, 6 Desemba

Wening aliniomba nimsindikize zahanati. Nilikwenda ili dokta akisema upuuzi niwepo.

Dokta Felisia ni kijana, ametoka kisiwa cha Flores, anaongea taratibu. Alimketisha Wening karibu na dirisha, akamwambia ageuze uso huku na huku, bila kumgusa.

"Mashavu safi, kidevu safi," alisema. "Chunusi zote zimejipanga kufuata ukingo wa nywele. Unapaka nini usoni?"

Wening akataja: sabuni, singo, poda kidogo.

"Na kichwani?"

Akatoa chupa kwenye mkoba. Nilitamani angekuwa ameisahau nyumbani. Dokta akaifungua, akanusa, akafumba macho.

"Jamani, yananukia! Nani katengeneza?"

"Mimi," nikasema.

"Hongera, Bude. Kisogoni yapake tu, hayana neno. Lakini yakishuka pajini yanaziba vitundu vya ngozi. Jasho la msimu huu likiongezeka, na kofia ya pikipiki ikikandamiza hapo hapo, ndiyo haya. Halafu mnasugua, ngozi inachubuka, zinazidi."

"Dokta, mama yangu aliwapaka watu mafuta haya kwa miaka arobaini."

"Na wangapi walitokwa na chunusi pajini?"

Aliuliza kwa upole kabisa, kama mtu anayeuliza saa. Nikatazama nje. Wening akanitazama mimi.

Maagizo yake nayaandika hapa, maana nimeshazoea kuamini kilichoandikwa. Mafuta yaachwe, na singo iachwe. Uso uoshwe mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni, kwa sabuni laini na vidole tu, halafu ukaushwe kwa kugusisha taulo. Jioni dawa ya kupaka, kiasi cha punje ya dengu kwa paji zima, si juu ya kipele kimoja kimoja. Losheni nyepesi isiyo na mafuta, na mchana ya kukinga jua, hata siku ya mawingu. Foronya ifuliwe kila baada ya siku mbili, na kitambaa cha ndani ya kofia ya pikipiki kifuliwe pia. Asibinye, wala mama yake asibinye.

"Ngozi itakauka, itababuka kidogo," dokta alimwambia. "Wiki za mwanzo utaona kama hakuna kinachotokea, au kama zimezidi. Usiongeze dawa kwa hasira. Ukifanya kila siku, baada ya wiki sita tutaanza kuona tofauti."

Wening alihesabu kwa vidole. Wiki sita zinaishia tarehe 17 Januari, siku ya kuogeshwa na kunyolewa paji.

Niliporudi nyumbani nilitoa madaftari ya misimu iliyopita, kumi na moja. Nimeyasoma mpaka taa ya jikoni ikaniumiza macho. "Vipele pajini, anapenda pilipili." "Vipele pajini, ana mawazo." "Vipele, aache samaki." "Vipele, analala mchana." Kila msimu, kwa mwandiko wangu mwenyewe. Nimempata mmoja tu aliyekuwa na paji safi kabisa hadi mwisho, binti wa Boyolali aliyesema harufu ya nazi inamtia kichefuchefu na kuyakataa mafuta. Pembeni ya jina lake nimeandika: "Mkaidi."

Jumapili, 7 Desemba

Nimemwambia Wening aache mafuta. Mama Lasmi nimemwambia ni amri ya dokta, basi. Maharusi wengine wanne sijawaambia kitu. Nitawaambia.

Jumatatu, 8 Desemba

Ameosha. Amepaka. Mvua.

Alhamisi, 11 Desemba

Ameosha. Amepaka. Sijawaambia.

Jumapili, 14 Desemba

Ngozi ya paji inababuka. "Bude, nimekuwa kitunguu," alisema. Mama yake anataka wamrudishe kwenye singo. Shangazi yake ameleta krimu isiyo na jina wala maandishi, eti inang'arisha kwa siku tatu. Wening aliishika, akainusa, akamrudishia kwa mikono miwili. "Ahsante, shangazi. Kwanza nimalize hii ya dengu."

Niliwahi kudhani binti huyu ni mlegevu. Nilikosea.

Jumatano, 17 Desemba

Ameosha, amepaka. Nimechungulia, sioni tofauti. Mimi kazi yangu ni ya kuonekana: unapaka, watu wanasema aah. Hii ya kufanya kitu kile kile kila siku bila mtu kusema aah siiwezi. Yeye anaiweza.

Jumapili, 21 Desemba

Mvua siku tatu. Vipele vipya havijatoka tangu Alhamisi. Sijamwambia mtu, nisije nikavitia mkosi.

Jumapili, 28 Desemba

Harusi ya Delanggu ilikuwa leo. Lazima niandike.

Jana, baada ya kumwogesha, nilimnyoa paji yule binti, na wembe ulipita juu ya vipele kwa sababu hapakuwa na njia nyingine. Vitatu vilifumuka. Damu ilikuwa kidogo, ila ilichirizika hadi kwenye unyusi, na yeye akadhani ni maji, akauliza, "Bude, bado kuna maji?" Nikasema ndiyo. Leo asubuhi rangi ilikataa kushika pale pale. Nilifuta nikarudia mara nne. Bibi mmoja nyuma yangu akaguna, na ule mguno naujua. Ninaujua kwa sababu hata mimi nimewahi kuguna hivyo.

Kwenye picha hakikuonekana kitu. Wote walisema amependeza. Binti wa watu alikuwa amejipaka mafuta yangu kila jioni kwa siku hamsini, na kati ya hizo, ishirini mimi nilikuwa najua na nikanyamaza. Niliogopa watu wasingekuja tena. Hiyo ndiyo sababu nzima, sina nyingine ya kuipamba.

Jumatatu, 29 Desemba

Nimepanda pikipiki ya mpwa wangu, nimezunguka kwa watatu waliobaki, kwenye mvua. Waache mafuta, waoshe, wamwone dokta. Mmoja aliniuliza kwa nini. Nikasema hali ya hewa. Hata hapo nimedanganya.

Jumamosi, 3 Januari

Ameosha. Amepaka. Vimebaki saba vilivyo hai, vingine vimekuwa madoa ya kahawia. Mtoto yule wa nyuki amemwambia, "Mwalimu, wameondoka." Wening amenisimulia akiwa amenigeukia uso mzima.

Jumatano, 7 Januari

Dokta Felisia ameridhika. Nimemuuliza kuhusu wembe. "Palipo safi, sawa. Juu ya kipele kilicho hai, hapana, Bude. Utapata kidonda na kovu." Nikamweleza kwamba kwetu paji lisiponyolewa lote, watu watasema wembe umemkataa bibi harusi. Akafikiri. "Hilo sina dawa yake," alisema.

Jumamosi, 10 Januari

Mama Kustiyah ametuma salamu. Maji ya kumwogeshea bibi harusi kutoka upande wa bwana harusi atayaleta yeye mwenyewe, na atakaa hadi mwisho wa kunyoa.

Jumanne, 13 Januari

Vitano.

Alhamisi, 15 Januari

Vinne. Vyote vinne viko kwenye ukingo wa nywele, njia ya wembe. Ameosha. Amepaka.

Jumamosi, 17 Januari

Mvua ilikatika saa nne asubuhi na tukamwogesha uani saa nane mchana. Wanawake saba walimmwagia maji ya maua, Mama Kustiyah akiwa wa tatu. Alimwaga polepole, kuanzia pajini, na macho yake hayakutoka hapo.

Tulimwingiza ndani, tukamkausha, nikamketisha kwenye mkeka. Wanawake kumi na wawili walikaa kumzunguka. Wembe ulikuwa kwenye bakuli. Nilianza upande wa kulia, palipo safi, ukapita vizuri. Nikafika kwenye kipele cha kwanza na mkono ukasimama.

"Bude anasita," mtu akasema.

"Labda wembe hautaki," akasema mwingine, na sauti yake ilikuwa na kicheko ndani yake.

Mama Lasmi aliinamisha kichwa. Wening alikuwa amefumba macho. Aliniambia kwa sauti ya chini kabisa, "Bude, nyoa tu. Nitavumilia."

Angevumilia kweli. Alikwisha vumilia singo yangu wiki mbili nzima, na sasa alikuwa tayari kukatwa uso ili mimi nisiaibike. Hapo ndipo niliposhindwa. Nikaurudisha wembe kwenye bakuli.

"Hapa sinyoi," nikasema. "Hivi vipele nimevileta mimi."

Nikawageukia wote.

"Ni mafuta yangu. Ya mama yangu. Yakishuka pajini yanaziba ngozi, chunusi zinatoka. Dokta aliniambia tarehe sita Desemba, na nilipofika nyumbani nikaona madaftari yangu mwenyewe yanasema vivyo hivyo kwa miaka kumi na moja. Kila niliyempaka, zilimtoka. Aliyeyakataa, hazikumtoka. Nimewaambia mabinti zenu waache pilipili, waache samaki, waache kulala mchana. Nimewadanganya, na tangu tarehe sita nimewadanganya nikijua."

"Eti!" akasema Mama Sumirah wa dukani. "Binti yangu alikaa miezi miwili bila hata dagaa mmoja, mpaka akakonda nguo zikamvuka!"

Wengine wakacheka. Mama Kustiyah hakucheka.

"Na ule msemo?" akauliza.

"Ni uongo, dada. Rangi ya nta haishiki juu ya mafuta, wala juu ya kidonda. Mjane haishiki, bikira haishiki, hata mimi ukinipaka mafuta haishiki. Mama yangu aliona rangi inakataa, akatafuta mwenye kosa, akampata aliyekaa mbele yake. Na mimi nikaurithi msemo pamoja na sufuria ya kupikia."

Sikujua kama nitasema hayo kuhusu mama. Nilimpenda. Yametoka.

Mama Kustiyah akasimama, akakunja kanga yake vizuri, akaondoka. Hakunywa chai. Tulisikia pikipiki ya mwanawe ikiwaka nje. Mama Lasmi akaniambia, "Bude, umemwua binti yangu au umemwokoa?" Nikamwambia sijui. Palipobaki nikapunguza vinywele kwa mkasi mdogo, kimoja kimoja, nikizunguka vile vinne. Ilichukua saa nzima na wanawake walibaki wote kutazama.

Jumapili, 18 Januari

Nilianza kumpamba saa kumi na mbili asubuhi. Aliosha uso mwenyewe, kwa vidole, kama kila siku. Nikachora paes ya katikati, nikajaza rangi. Imeshika.

Nilikuwa kwenye mchoro wa pili mlango ulipofunguliwa. Mama wa bwana harusi haingii chumba cha kupambia. Sijawahi kuona ikitokea. Mama Kustiyah aliingia, akafunga mlango, akaketi kwenye mkeka mbele yangu, akavua kilemba.

Kwenye ukingo wa nywele zake kuna mashimo. Mengi, ya zamani, kutoka sikio hadi sikio. Ni mashimo ya wembe uliopita juu ya vipele.

"Mwaka wa harusi yangu nilipambwa na mama yako," alisema. "Alirudia rangi mara tano. Halafu akawageukia watu, akatikisa kichwa. Hakusema neno."

Nikaweka rangi chini.

"Mama mkwe wangu hakula nilichopika kwa miaka minne. Mume wangu alikula. Alikuwa mtu mwema, hakuniuliza hata siku moja. Miaka ishirini na tisa nilimsubiri aniulize ili nimwambie hapana. Amekufa hajauliza." Akagusa paji lake. "Nilifika mahali nikaanza kujiuliza mwenyewe, labda nilifanya kitu nikasahau. Kumbe ni mafuta."

"Ni mafuta, dada. Haikuwa wewe."

"Sema tena."

"Haikuwa wewe."

Wening hakuweza kugeuza kichwa, rangi ilikuwa mbichi. Alinyoosha mkono pembeni, akapapasa hewani mpaka akalipata goti la mama mkwe wake, akalishika. Mama Kustiyah alilia kwa sauti, mdomo wazi, kama mtoto, na hakuna aliyemwambia anyamaze. Nje walianza kuita kwamba bwana harusi amefika. Nikawaambia wasubiri.